Nyumba Moja, Mstari Mmoja: Namna ya Kupanga Kumbukumbu za Ukaguzi wa Majengo

Nyumba hukaguliwa mara nyingi katika maisha yake. Fundi anapofikia usawa wa msingi, mhandisi hupita kutazama kina na nondo. Familia inapohamia, afisa afya huja kuangalia choo, shimo la taka na mahali maji yanapotoka. Nyumba ikigeuzwa kuwa ya kulala wageni, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huuliza mlango wa dharura uko wapi na mtungi wa kuzimia moto umetundikwa wapi. Mthamini naye huja kwa sababu zake. Kila mmoja huondoka na karatasi yake, na kila karatasi hulala katika jalada lake, katika ofisi yake. Miaka mitano baadaye, mwananchi akiuliza nyumba yake ilikaguliwa lini na alielekezwa kurekebisha nini, jibu hutegemea kama afisa aliyefika siku ile bado yupo kituoni, na kama bado anakumbuka.

Makala haya yanaeleza namna ya kuzipanga kumbukumbu hizo katika kanzidata, yaani hazina ya taarifa iliyomo ndani ya kompyuta, ili zidumu kuliko utumishi wa mtu mmoja. Kuijenga kanzidata ni kazi ya wataalamu wa TEHAMA. Hata hivyo, maamuzi makubwa yanayoitangulia kazi hiyo hayahitaji ujuzi wa kompyuta. Yanahusu nyumba, mmiliki, kitongoji na ziara ya mkaguzi, na yanauliza kipi kati ya hivyo kihesabiwe kuwa kitu kimoja na kipi ni vitu viwili. Mwananchi akiyafahamu maamuzi hayo ataweza kuzihoji kumbukumbu zinazomhusu.

Jambo lenyewe ni zito kuliko linavyosikika. Mwezi Aprili 2024, mvua zikiwa zimekolea, tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere katika Kata ya Itezi, Jiji la Mbeya, likafunika nyumba za watu na majengo ya shule. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na Serikali ikaagiza majengo ya eneo lile yakaguliwe. Agizo la namna hiyo likitolewa, swali la kwanza kwa mamlaka yoyote huwa ni lilelile: kumbukumbu zinasemaje? Ni majengo yapi yaliyokwisha kuonywa, yalionywa kuhusu nini, na je, kuna aliyerudi kutazama kama onyo lilifuatwa? Mlundikano wa majalada hauwezi kujibu swali hilo kabla ya mvua inayofuata.

Daftari moja pana

Ofisi nyingi zinapohama kutoka kwenye karatasi huanza na jedwali moja pana la Excel. Kila ziara ya mkaguzi hupewa mstari, na kila mstari hubeba kila kitu: jina la mmiliki, namba ya simu, mkoa, wilaya, kata, kijiji, aina ya kuta, tarehe, jina la mkaguzi, kisha kasoro ya kwanza, kasoro ya pili na kasoro ya tatu. Kwa nyumba hamsini mpango huo unatosha. Kwa nyumba elfu kumi huanza kujipinga wenyewe.

Mkoa wetu unao mfano wake mzuri. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, ukachukua Mbozi, Momba, Ileje na Wilaya ya Songwe. Fikiria daftari ambalo limeandika maneno "Mbozi, Mkoa wa Mbeya" katika mistari elfu nne. Siku ya mgawanyo, mistari yote elfu nne inakuwa na kosa ambalo hakuna mkaguzi aliyelifanya. Karani akianza kurekebisha mmoja mmoja, ataruka baadhi yake; na kuanzia hapo daftari litasema mambo mawili kuhusu mahali pamoja, wala hakuna atakayejua lipi ni la kweli. Kata zinapogawanywa na vijiji vinapozaa vijiji, tatizo ni hilohilo kwa kiwango kidogo.

Dawa yake ilielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Uingereza na kufanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani. Alipendekeza taarifa zigawanywe katika majedwali madogo, kila jedwali likihusu aina moja ya kitu, na majedwali hayo yaunganishwe kwa thamani zilizoandikwa ndani yake, kama vile namba. Kila ukweli huandikwa mahali pamoja tu. Kijiji kinaandikwa mara moja katika jedwali la maeneo na kupewa namba. Nyumba zote za kijiji hicho zinabeba namba ile, bila kurudia majina ya kata, wilaya na mkoa. Mipaka ya utawala ikibadilika, mstari mmoja unarekebishwa na nyumba zote zinaifuata. Ni utaratibu ambao wazee wa ukoo wangeuelewa upesi: mtoto hutaja baba yake, baba hutaja babu, na hakuna anayelazimika kubeba orodha nzima ya ukoo mfukoni.

Jengo ni lipi?

Jedwali la kwanza, na gumu kuliko yote, ni la majengo. Kila jengo lipewe mstari mmoja na namba yake lenyewe, namba ambayo haitabadilika wala kupewa jengo jingine hata hilo la kwanza likibomolewa. Wataalamu huiita namba hiyo ufunguo.

Wengi watauliza kwa nini tutunge namba mpya wakati namba zimejaa. Tuziangalie basi. Namba ya kiwanja haitoshi, kwa kuwa pembezoni mwa miji yetu, Mbalizi ikiwamo, zipo nyumba zilizojengwa kabla ardhi haijapimwa, na vijijini ardhi nyingi inashikiliwa kwa utaratibu wa kimila unaotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Isitoshe, kiwanja kimoja huweza kuwa na nyumba kubwa mbele, vyumba vya kupangisha uani na choo cha shimo nyuma. Ufa ulioonekana kwenye vyumba vya uani usiandikwe kana kwamba uko kwenye nyumba kubwa.

Jina la mmiliki halifai kabisa. Wenye majina ya Mwaipopo na Mwakalinga mkoani mwetu ni wengi kiasi kwamba jina pekee halimtambulishi mtu. Namba ya Kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20, humtambulisha mtu vizuri, lakini mtu siye nyumba. Nyumba huuzwa, hurithiwa, hugawanywa baina ya ndugu. Mmiliki akifariki, ufa wa ukutani haufi naye.

Anwani ya makazi inakaribia zaidi. Tangu operesheni ya mwaka 2022, mitaa na barabara zilipewa majina, nyumba zikabandikwa namba, na postikodi zinatumika, zile za Mkoa wa Mbeya zikianza na 53. Mkaguzi aliye mlangoni atafute kwanza kibao hicho, na kanzidata iihifadhi namba yake katika safu maalumu, pamoja na vipimo vya latitudo na longitudo vinavyochukuliwa kwa simu. Lakini hata anwani hubadilika: barabara hupewa jina jipya, kibao hung'oka, nyumba mbili huunganishwa kuwa moja. Ndiyo maana anwani ni sifa ya jengo, na ufunguo ubaki kuwa namba isiyo na maana nyingine yoyote.

Tukitaka kuona gharama ya kuchanganya vitu viwili, tutazame mita za umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekatwa mwananchi anaponunua umeme wa LUKU. Kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Utaratibu huo uliwafikia watu wengi ambao zamani hawakufikiwa kwa urahisi. Papo hapo maswali yakazuka nchini kote. Mwenye mita tatu ndani ya nyumba moja alipe mara ngapi? Nyumba mbili zinazotumia mita moja je? Na mpangaji anayenunua umeme, analipa kodi ya nani? Maswali hayo yote yana chanzo kimoja: mita hupima umeme, na idadi ya mita hailingani na idadi ya majengo. Katika kanzidata iliyopangwa vyema, majengo yana jedwali lake, mita zina jedwali lake, na katikati yake kuna jedwali la tatu lenye kazi moja tu ya kusema mita hii inahudumia jengo lile. Nyumba yenye mita tatu itakuwa na mistari mitatu katika jedwali hilo la kati, na mita yenye nyumba mbili itakuwa na miwili. Hakuna anayelazimika kukisia.

Umiliki unapangwa kwa njia ileile. Jedwali la watu liko upande mmoja, majengo upande wa pili, na kati yake jedwali la umiliki lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Warithi wanne wa nyumba moja ni mistari minne. Nyumba ikiuzwa, mstari wa muuzaji haufutwi. Unafungwa kwa tarehe, na wa mnunuzi unafunguliwa. Hivyo ukiulizwa ni nani aliyekuwa mmiliki siku mhandisi alipotoa onyo, jibu lipo.

Ziara, kasoro na marejeo

Sasa tufike kwenye ukaguzi wenyewe. Jengo ni kitu kinachodumu. Ukaguzi ni tukio la siku moja. Kosa lililozoeleka ni kuweka safu ya "tarehe ya ukaguzi" na safu ya "hali ya jengo" ndani ya jedwali la majengo, kisha kila mkaguzi anayefuata akaandika juu ya maandishi ya mwenzake. Neno "mbovu" la mwaka 2021 linafutwa na neno "nzuri" la mwaka 2023, na hakuna wa kusema kama nyumba ilitengenezwa au mkaguzi wa pili hakuingia ndani. Jedwali la ukaguzi lazima lisimame peke yake: namba ya ukaguzi, namba ya jengo, tarehe, mkaguzi, aina ya ukaguzi, na matokeo ya ziara. Kila ziara ni mstari mpya. Hakuna mstari unaoandikwa juu ya mwingine.

Tuchukue nyumba ya mfano, tuipe namba 2417. Afisa afya anafika Machi na kukuta mambo mawili: choo hakina mfuniko, na maji machafu yanatiririka kwenye njia. Mhandisi anafika Juni na kukuta matano. Fomu yenye nafasi tatu za kasoro ingemtosha afisa afya na kumnyima mhandisi. Mhandisi angebana kasoro mbili za mwisho katika kona ya karatasi, au angeziacha. Kwa hiyo kasoro nazo ziwe na jedwali lake, kila kasoro mstari wake, ukibeba namba ya ukaguzi ulioigundua, aina yake, maelezo mafupi na tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Mhandisi ana mistari mitano, afisa afya ana miwili, na ziara isiyoona kasoro haina mstari hata mmoja.

Aina za kasoro zichaguliwe katika orodha iliyokubaliwa, nayo ikiwa jedwali dogo. Mmoja akiandika "ufa", mwingine "nyufa", wa tatu "ukuta umepasuka", kompyuta itaona mambo matatu. Orodha hiyo itungwe na wanaokagua. Mtaalamu wa kompyuta akiitunga peke yake atasahau udongo unaomomonyoka chini ya msingi, jambo ambalo katika miteremko yetu lingepaswa kuwa juu kabisa.

Halafu kuna marejeo. Kasoro moja huweza kutembelewa mara tatu: mara ya kwanza haijaguswa, mara ya pili fundi yuko kazini, mara ya tatu imekwisha. Marejeo hayo ni jedwali jingine, linalotaja namba ya kasoro, tarehe, aliyerudi na alichokikuta. Kasoro hufungwa kwa mstari wa marejeo unaosema imerekebishwa, ukiwa na jina la aliyeshuhudia. Haifungwi kwa kuifuta.

Nafasi tupu

Inafaa tukae kidogo kwenye jambo moja ambalo huonekana dogo. Mkaguzi alifika, geti limefungwa, akaondoka. Katika daftari, safu ya kasoro iko tupu. Mwaka unaofuata mwingine anasoma safu ile tupu na kuhesabu nyumba hiyo miongoni mwa zisizo na kasoro.

Kutokuona na kuona kwamba hakuna ni mambo mawili tofauti, na kanzidata lazima iyatenganishe kwa nguvu. Safu ya matokeo ya ziara isiruhusiwe kubaki tupu. Mkaguzi achague kama alikagua jengo zima, alikagua sehemu, alikuta pamefungwa, au alizuiwa kuingia. Kompyuta ikatae kuhifadhi mstari usio na jibu hilo. Vivyo hivyo ikatae ukaguzi wa jengo lisilo na namba katika jedwali la majengo, na marejeo ya kasoro isiyokuwapo. Makatazo haya huwaudhi watumishi mwanzoni, hasa wenye haraka. Lakini katazo la siku ya kuingiza taarifa huchukua dakika moja, na kosa lililopita bila kuzuiwa huchukua miezi kulitafuta, kama litapatikana. Kwa maoni yetu, fedha za mfumo zikiwa chache, zitumike kwanza hapa kabla ya rangi na michoro ya skrini.

Tarehe nazo ziandikwe kwa mtindo mmoja, mwaka ukitangulia. Maandishi 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine.

Majedwali yakipangwa hivyo, swali linaloonekana kubwa hujibiwa upesi. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua kuanza, mhandisi anaweza kuiambia kanzidata: nitolee majengo yote ya vitongoji vilivyo chini ya mlima, yenye kasoro ya msingi au ya udongo kumomonyoka, ambayo tarehe yake ya mwisho imepita na hakuna marejeo yanayosema imerekebishwa, pamoja nayo, nitolee majengo ya vitongoji hivyo ambayo ziara yake ya mwisho ilikuta geti limefungwa. Kompyuta hupita katika maeneo, majengo, ukaguzi, kasoro na marejeo kwa kufuata namba, na orodha inatoka ikiwa na anwani. Mtendaji wa Kata anaichukua na kuanza kugonga milango. Daftari pana lingeweza kutoa nusu ya kwanza ya orodha hiyo kwa taabu. Nusu ya pili, ile ya nyumba ambazo hakuna anayejua hali yake, lisingeitoa kabisa, na huenda humo ndimo walimo watu walio hatarini zaidi.

Nani aone nini

Kumbukumbu za ukaguzi hugusa maisha ya watu: wanaishi wangapi chumbani, nani amepanga, nani amedaiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kutenganisha majedwali kunasaidia hapa pia. Mhandisi anayepanga ziara zake anahitaji majengo na kasoro; hana haja ya namba za vitambulisho. Takwimu za kata zinaweza kusomwa kwenye mkutano wa hadhara bila jina la mtu yeyote kutajwa. Na marekebisho ya mwananchi yafanywe kwa mstari mpya wenye tarehe, ili ionekane kilichoandikwa mwanzo, kilichobadilishwa, na aliyekibadilisha.

Kwa upande wake, mwananchi anayetembelewa na mkaguzi anaweza kufanya mambo machache yenye faida kubwa. Amwonyeshe kibao cha anwani na kuhakikisha namba iliyoandikwa kwenye fomu ni hiyohiyo. Kama uwanja una majengo kadhaa, ataje ni jengo lipi lililokaguliwa na lipi halikukaguliwa. Aombe namba ya ukaguzi na nakala ya kasoro zilizoandikwa, pamoja na tarehe ya mwisho ya kila moja. Akishatengeneza, aende ofisi ya kata na namba hiyo kuomba marejeo. Bila mstari wa marejeo, kasoro itabaki wazi hata kama ukuta ulishajengwa upya, na nyumba yake itaendelea kutoka katika orodha ya mhandisi kila Oktoba.